Vitabu pepe au vya karatasi kwenye maktaba ya chuo: bajeti ikibana ununue nini, na kwa leseni gani

Wakuu, kila bajeti ya maktaba ikikatwa swali linaloletwa mezani ni lile lile, tuache karatasi tuhamie vitabu pepe au tubaki tulipo, na mimi kwa miaka niliyokaa upande wa ununuzi naona swali lenyewe limekaa vibaya, manake kitabu pepe sio kitu kimoja. Kuna ambacho ukinunua ni chako, kuna ambacho umekipanga kama chumba na mwenye nyumba siku yoyote anaweza kukuambia uhame, kuna ambacho hulipi mpaka mtu akifungue, na kuna ambacho ni bure kabisa. Ukivifunga vyote fungu moja ukavilinganisha na karatasi lazima utakosea. Kwa hiyo ntavipambanisha kimoja kimoja na ntasema wazi ningechagua kipi na kwa kazi gani.

Tuanze na kitabu kimoja tu. Chukua kitabu cha takwimu cha mwaka wa kwanza, wanafunzi 300, mwalimu kasema sura ya 4 inatoka kwenye mtihani wa Jumatatu. Maktaba ina kopi 6 za karatasi zinakaa nyuma ya kaunta, unaazimwa masaa mawili unarudisha. Mkifungua masaa 14 kwa siku kila kopi inazunguka mara 7, kwa hiyo kopi 6 ni wasomaji 42. Sasa hamia kitabu pepe chenye leseni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, ambayo mara nyingi ndo yenye bei ya chini kwenye orodha na ndo wengi wanaibonyeza mwaka wa fedha ukikaribia kuisha. Iko wazi masaa 24, sawa, lakini kila mtu akikaa nayo masaa mawili ni watu 12. Leseni ya watu watatu ni 36. Yaani leseni ya watu watatu ikifanya kazi usiku na mchana bado haijazifikia zile kopi 6 zilizochakaa za kaunta. Ni kweli kwenye skrini watu hawakai masaa mawili, wengi wanaingia dakika 15 au 20 wanachukua walichofuata wanatoka, na ndo maana siku za kawaida hata leseni ya mtu mmoja inatosha bila shida. Shida ni Jumapili saa nne usiku, wote 300 wanakitaka kwa pamoja.

Alafu kuna kitu orodha ya bei haikuonyeshi. Kwenye majukwaa mengi mwanafunzi akidaunlodi kitabu kizima chenye leseni ya mtu mmoja kinahesabika kimeazimwa, kwa siku moja au wiki kutegemea mlivyoseti, na wengine 299 wanakutana na ujumbe kwamba kitabu kinatumika jaribu baadaye. Niliwahi kukaa na binti mmoja pale kaunta jioni ya kuamkia mtihani, simu yake imepasuka kioo kwenye kona, anarifreshi ukurasa, anasubiri, anarifreshi tena, ujumbe ule ule, na kopi za karatasi zote ziko mikononi mwa watu. Nikaingia kwenye ripoti nikakuta kitabu kimepakuliwa asubuhi ile kwa siku 7, kwa sababu toka tununue hatukuwahi kugusa seti tulizozikuta. Kesho yake tukabadilisha, kitabu kizima siku 1 tu kwa leseni za mtu mmoja, na wanafunzi tukawaelekeza wapakue sura wanayoitaka kama PDF maana kwenye jukwaa letu sura haikifungi kitabu. Kama mna leseni za aina hii nendeni mkaangalie hizo seti kabla hata ya kufikiria kununua kitu kipya, haigharimu chochote.

Kwa kozi kubwa kama hiyo basi kinachoshindana kweli na kopi za kaunta ni leseni isiyo na kikomo cha watu. Hiyo ikipatikana kwa bei inayobebeka mimi sisiti, nanunua. Lakini vitabu vya kiada ndo vigumu kuliko vyote kupata kwa leseni hiyo, wachapishaji wengi hawaiuzii maktaba kabisa, au wanaiuza kwa mfumo wa kuhesabu vichwa vya wanafunzi na kulipa upya kila mwaka, na sio ajabu kukuta bei ya maktaba ni mara kadhaa ya bei ya kopi ya karatasi iliyoko dukani. Wakutubi wa Uingereza walichoka na hili mwaka 2020 wakaanzisha kampeni ya #ebookSOS kudai bei na masharti ya vitabu pepe vya vyuo yachunguzwe, kwa hiyo kama na nyinyi mnaumia msidhani ni maktaba yenu tu haijui kujadiliana bei. Ikishindikana, ushauri wangu ni kopi kadhaa za karatasi pamoja na leseni ya watu watatu kama ipo. Leseni ya mtu mmoja peke yake kwa darasa la watu 300 ni kuwapa wanafunzi mlango uliofungwa.

Kwa vitabu vya utafiti, vile ambavyo mtu mmoja au wawili wanavihitaji kwa mwaka, hesabu inageuka kabisa. Hapo leseni ya mtu mmoja ndo mahali pake. Chuo Kikuu cha Pittsburgh walifanya utafiti wao ukatoka 1979, wakakuta karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja ndani ya miaka 6 ya mwanzo. Ukijua hilo unaelewa kwa nini kununua monografu (vitabu vya utafiti vya mada moja) za karatasi kwa kubahatisha kunauma bajeti ikiwa ndogo. Na karatasi ikishanunuliwa bado inadai, Paul Courant na Matthew Nielsen mwaka 2010 walikadiria kuweka kitabu kimoja kwenye rafu za wazi kunagharimu kama dola 4.26 kwa mwaka, ukijumlisha jengo, umeme, usafi na watu wa kukirudisha mahali pake. Ni hesabu ya Marekani, kwenu itatofautiana, ila inakumbusha kwamba rafu sio bure.

Upande wa vitabu pepe nao sio bure, na hapa kamati nyingi zinajidanganya kwa kulinganisha bei ya kitabu na bei ya kitabu basi. Kitabu pepe kinadai mfumo wa kumtambua mwanafunzi akiwa nje ya chuo, EZproxy au OpenAthens au kitu cha namna hiyo, kinadai mtu wa kuingiza rekodi kwenye katalogi na kuzifuta vitabu vikiondolewa, baadhi ya wasambazaji wana ada ya jukwaa kila mwaka, na invoisi nyingi zinakuja kwa dola, pauni au euro, kwa hiyo sarafu yenu ikishuka katikati ya mwaka pengo linakuwa lenu. Kuna na gharama inayohamia kwa mwanafunzi mwenyewe, bando, simu, chaji. Kitabu cha karatasi kinasomeka umeme ukikatika. Na PDF yenye safu mbili na majedwali ukiisoma kwenye simu ni mateso, unavuta kushoto unavuta kulia mpaka unasahau sentensi ilianzaje, wakati EPUB inajipanga upya kufuata upana wa skrini. Mkipewa uchaguzi wa fomati na wanafunzi wenu wengi wanasomea simu, dai EPUB.

Kuhusu kusoma kwenyewe. Watu wanabishana sana kama skrini inafundisha sawa na karatasi. Pablo Delgado na wenzake mwaka 2018 walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 wakakuta waliosoma karatasi wanaelewa vizuri zaidi, tofauti sio kubwa sana lakini ipo, na inaongezeka msomaji akiwa anakimbizana na muda. Kwenye hadithi tupu hawakuona tofauti, ni kwenye maandishi ya kutoa maarifa, ambayo ndo mkate wa chuo. Kwa hiyo kitabu kinachosomwa toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, falsafa, nadharia, historia nzito, mimi bado nakitaka kwenye karatasi. Kitabu cha kutafutwa jibu, kamusi, ensaiklopidia, vitabu vya rejea, miongozo ya maabara, makala zilizokusanywa ambazo mtu anataka sura moja tu, hivyo vipeleke kwenye skrini, kule kuna kutafuta neno ndani ya sekunde na watu wa kampasi za mbali wanapata sawa na wa kampasi kuu. Mwanafunzi asiyeona naye, kitabu pepe kilichotengenezwa vizuri kinasomwa kwa sauti na programu ya kusoma skrini, karatasi haiwezi hilo. Ila sio kila kitabu pepe, kuna vilivyofungwa kwa DRM, ile kufuli ya kuzuia kunakili, kiasi kwamba hiyo programu haipati kitu, kwa hiyo jaribuni wenyewe na mwanafunzi husika kabla ya kusaini.

Sasa tufike kwenye kulinganisha kununua na kupanga, na hapa nisameheni ntakaa kidogo manake ndipo pesa za vyuo zinapopotelea.

Usajili wa kifurushi ndo unaovutia kuliko vyote. Unalipa mara moja kwa mwaka unapata makumi ya maelfu ya vitabu, wengi kwa wakati mmoja wanaweza kusoma, ukigawanya bei kwa idadi ya vitabu kila kimoja kinaonekana ni senti. Kamati ikiona hiyo namba inapiga makofi. Lakini mgawanyo sahihi ni kwa vitabu vilivyofunguliwa na wasomaji wako, vile vilivyomo tu havikusaidii, na mkiacha kulipa mwaka mmoja mnabaki na rafu tupu. Tena hata mkiendelea kulipa, yaliyomo sio yenu kuyaamua. Agosti 2022, muhula unaanza, mchapishaji Wiley waliondoa vitabu 1,379 kutoka Academic Complete, kifurushi cha msambazaji ProQuest, vingi vikiwa vinatumika madarasani, na vyuo vilivyolipa usajili vikajikuta mitaala imepanguka. Baada ya kelele wakavirudisha kwa muda. Kelele zenyewe zilifaa, lakini fikiria mwalimu aliyekwisha kuandika orodha ya kusoma ya wiki 14.

Kununua moja kwa moja, ile ya kudumu, ni ghali zaidi siku ya kwanza ila mwaka kesho huombi ruhusa kwa mtu. Nilikuwa nasema hivo kwa kujiamini sana mpaka Februari 2025, Clarivate ambao ndo wamiliki wa ProQuest walipotangaza wanaachana na uuzaji wa vitabu wa mara moja, pepe na karatasi, wabaki na usajili. Wakutubi wakapiga kelele dunia nzima, wakasogeza mwisho wa vitabu pepe mpaka katikati ya 2026. Msambazaji mkubwa akiamua hivo, uchaguzi wa kumiliki unakuwa mdogo hata kwa wale wenye pesa. Kwa hiyo kama mna hela kidogo ya mara moja, labda ruzuku au salio la mwisho wa mwaka, mimi ningeipeleka kwenye vya kudumu huku bado vinauzwa, na hasa kwa wachapishaji na majukwaa yanayotoa faili bila kufuli na bila kikomo cha watu, JSTOR kwa mfano vitabu vyao vingi viko hivo. Na soma neno "kudumu" kwenye mkataba linamaanisha nini. Muulize msambazaji akifunga biashara vitabu vinakwenda wapi, kama viko kwenye hifadhi kama Portico au CLOCKSS au mnapewa faili wenyewe. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu pepe na vitabu vikafutika kwenye vifaa vya waliovinunua, pesa walirudishiwa, vitabu hapana. Kitabu cha karatasi duka lililokiuza likifungwa kinabaki palepale kwenye rafu.

Kuna na leseni za kuhesabu mara, zinachanganya watu. Mchapishaji HarperCollins mwaka 2011 waliwawekea maktaba za umma Marekani kikomo cha kuazimisha mara 26 kisha unanunua upya. Vyuoni mnaweza kukutana na ile ya siku 325 za kuazimwa kwa mwaka, watu wengi wanaingia kwa pamoja mpaka siku ziishe, mwaka ukianza zinarudi. Hiyo ya 325 mimi naipenda kwa kozi ya kati, wanafunzi 40 au 60 hivi, kwa sababu inavumilia ule msongamano wa wiki ya mtihani ambao leseni ya mtu mmoja haiwezi. Kwa darasa la 300 itaisha kabla ya muhula wa pili.

Halafu ununuzi unaoendeshwa na msomaji, na ule wa ushahidi wa matumizi. Wa kwanza, unaweka maelfu ya vitabu kwenye katalogi bila kulipa, mwanafunzi akikaa kwenye kitabu zaidi ya dakika kadhaa au akipita kurasa kama 10 au akikipakua, mfumo unakutoza, ama kama azimo la muda mfupi ama ununuzi kamili. Ni wa haki sana kwa bajeti ndogo manake hulipii kisichosomwa. Ubaya wake ni kwamba pesa inakimbia bila wewe kuiona, na nimeshuhudia fungu la mwaka mzima likiisha ndani ya wiki chache kwa sababu madarasa mawili makubwa yalipewa kazi za nyumbani wakati mmoja, na kuanzia hapo vitabu vyote vikazimwa, hata mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa katikati ya sura akakuta hakuna kitu. Ukiutumia, weka kikomo cha mwezi, weka bei ya juu kwa kitabu ambayo mfumo hauivuki bila mkutubi kuidhinisha, na punguza orodha ya vitabu iwe inafanana na masomo mnayofundisha. Azimo la muda mfupi nalo liangalie kwa jicho kali, wachapishaji wengi walipandisha bei zake kuanzia 2014, siku hizi maazimo mawili matatu yanaweza kukaribia bei ya kukinunua.

Ule wa ushahidi unalipa fungu mwanzoni, mchapishaji anafungua mkusanyiko wake mwaka mzima, mwisho unaangalia ripoti unachagua vya kubaki navyo vya thamani ya lile fungu. Huu kwa chuo chenye bajeti inayojulikana mapema naona ni bora kuliko wa kwanza, gharama haiwezi kukushtukiza. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa na ripoti. Ripoti zenyewe zinafuata COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi, toleo la 5 lilianza Januari 2019, na mbili za kufungua ni TR_B1 inayoonyesha vitabu vilivyotumika na TR_B2 inayoonyesha waliogonga wakakosa. Hii ya pili watu hawaifungui. Kitabu chenye waliokosa 80 kwenye mwezi mmoja kinakuambia leseni yake ipandishwe hata kama matumizi yake ya jumla yanaonekana madogo, manake yalikuwa madogo kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Vya bure nimeviacha huku lakini kwenye kazi yenyewe vinatakiwa viwe vya kwanza. Kile kitabu cha takwimu tulichoanza nacho, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice wanatoa vitabu vya kiada vya bure toka 2012, takwimu za utangulizi ipo, vimehakikiwa na wataalamu, mwanafunzi anapakua PDF nzima, wote 300 kwa pamoja, hata akimaliza chuo anabaki nacho. Kwa vitabu vya utafiti kuna DOAB, katalogi ya vitabu huria, rekodi zake mnaweza kuziingiza kwenye katalogi yenu bila kulipa. Kama nchi yenu iko kwenye orodha ya Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi za kipato cha chini machapisho ya utafiti, nchi za kundi A wanapata bure na kundi B kwa ada ndogo, na mule kuna vitabu sio majarida tu. EIFL nao wanajadiliana bei kwa niaba ya maktaba za nchi washirika. Nimeona vyuo vinalipia kitu ambacho tayari wanastahili kukipata kupitia Research4Life, hawakuwahi kukagua. Kigumu kwenye vya bure ni mwalimu, lazima akae apange upya sura zake zifuate kitabu kipya na hiyo ni kazi, kwa hiyo maktaba imfuate ofisini na kitabu kikiwa kimefunguliwa kwenye laptopu, sio kumtumia linki kwenye barua pepe.

Kama ningepewa bajeti iliyokatwa leo nigawanye, kozi kubwa natafuta cha bure kwanza, nikikosa leseni isiyo na kikomo, nikikosa narudi kopi za kaunta na leseni ya watu watatu. Vitabu vya kusomwa vizima vinabaki karatasi, kopi moja moja. Utafiti naweka kwenye mfumo wa ushahidi na mchapishaji mmoja au wawili wanaotumika sana, naanza nao kwa kuonja. Kifurushi cha usajili nakichukua kimoja tu, kama msingi, na kisizidi sehemu ya bajeti ambayo tukiipoteza mwaka kesho maktaba bado inasimama. Mwenye chuo cha masomo ya masafa atageuza uzito, kwake karatasi haimfikii mwanafunzi kabisa, na mwenye mtandao wa kukatika katika aangalie zaidi vya kupakuliwa kuliko vya kusomwa mtandaoni.

Na kabla ya saini, mkataba wa usajili usome ule ukurasa wa kuhuisha. Mingi inajihuisha yenyewe usipotoa taarifa ya maandishi siku 30, 60 au 90 kabla. Andika hiyo tarehe kwenye kalenda ya watu wawili tofauti hapo maktaba, manake mmoja akiwa likizo siku hiyo mmeshalipa mwaka mwingine.